Mwendo wa Kuazima

Siku mashine ya getini iliposema Nicolas ameingia kazini, Michel alikuwa amelala nyumbani na malaria, chini ya mablanketi mawili, na Orpha mwenyewe ndiye aliyemfunika kabla ya kutoka.

Ndiyo maana aliacha kutafuna. Alikuwa na kipande cha muhogo mdomoni, mbele ya skrini zake, jina likatokea kwa rangi ya kijani, halina wasiwasi wowote: NICOLAS. Lingekuwa jina la mtu mwingine wa kiwanda kile cha chokaa pale Likasi, angemeza na kuendelea. Lakini Nicolas alikuwa amekufa. Na tangu afe, mtu pekee aliyekuwa akimwingiza kazini alikuwa Michel, mume wa Orpha, ambaye asubuhi hiyo hakuweza hata kujikokota mpaka chooni.

Jambo hili linataka maelezo, na maelezo yenyewe si ya kishujaa.

Chokaa hula vidole. Zamani kiwanda kilikuwa na mashine ya kusoma alama za vidole, lakini mpakiaji wa magunia akishafanya kazi kwa muda, ncha za vidole vyake zinakuwa laini kama sabuni, na mashine inamkana. Uso nao haufai, kwa sababu wote wanavaa barakoa na kofia ngumu, na wote ni weupe kama wamepakwa unga. Basi kampuni ikaleta mashine inayomtambua mtu kwa mwendo. Unapita katika ujia mrefu wenye kuta za bati. Juu kuna kamera ya joto, isiyoona uso wala nguo, joto la mwili tu. Kandokando kuna visanduku vyeupe vinavyotuma mawimbi na kuyapokea, kama popo, vikisikiliza miguu bila kuigusa. Ukifika mwisho wa ujia, jina lako liko kwenye skrini ya Orpha. Likiwa la kijani, pita. Likiwa la njano, mashine inasita, na Orpha ndiye wa kuamua kwa kubonyeza.

Fundi aliyeileta, Divin, kijana wa Lubumbashi mwenye shati lisiloshika vumbi, aliwakusanya wafanyakazi akawaeleza, kwa Kifaransa kwanza ili waogope, kisha kwa Kiswahili ili waelewe, kwamba mtu anaweza kuficha uso lakini mwendo hafichi.

Michel alimsikiliza kwa makini. Jioni hiyo, kwenye baa ya mtaa wa Panda, alitembea kama kapita, msimamizi wa magunia, akatembea kama padri, akatembea kama Divin mwenyewe, na watu wakamwaga bia kwa kucheka. Lakini mwendo alioumudu kuliko yote ni wa Nicolas, jirani yake na rafiki yake, aliyewahi kuangukiwa na magunia kwenye mguu wa kushoto: hatua moja nzima, ya pili inaburutwa. Nicolas alicheka mpaka akatoa machozi. "Ukichoka na miguu yako," alimwambia, "nitakuazima yangu."

Kisha Nicolas akaenda likizo kwa wajomba zake upande wa Koni, akaingia mto Lufira kutoa wavu ulionasa, akatolewa yeye. Wajomba walimzika kulekule. Habari ilifika Likasi kwa simu, kwa Arielle mke wake, naye akaibeba moja kwa moja mpaka kwa Orpha, ng'ambo ya ua, kabla hajamwambia mtu mwingine.

"Nikilia, yaya, kesho bote batajua," alisema. Yaya, dada mkubwa, ndivyo yeye na Nicolas walivyomwita Orpha. Alikuwa ameshika mwiko wenye unga. "Bakijua, ku kampuni nako batajua. Na Plamedi iko na rendez-vous ya damu."

Plamedi alikuwa binti yao, mtoto mwenye ugonjwa wa damu, yule ambaye mifupa inamuuma usiku na macho yanakuwa ya manjano. Hospitali ya kampuni ilimwongezea damu kwa miadi, kwa sababu baba yake alikuwa mfanyakazi. Baba asiyekuwepo kazini, mlango unafungwa.

"Utalia lini?" Orpha aliuliza.

"Nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma, yaya. Nyuma tu."

Na Michel, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema: "Minye nitamutembeza."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi Michel aliingia na kundi la kwanza, akiburuta mguu. Akatoka kwa tundu la ukuta nyuma ya ghala, pale wamama wanapouza mikate. Akarudi getini kuingia kama yeye mwenyewe. Akipita kama Michel, aligonga kofia yake mara mbili kwa vifundo vya vidole, chini ya kamera, ndiyo salamu kwa mkewe. Akipita kama Nicolas hakusalimia. Mwanzoni mashine ilisita, ikatoa njano, na Orpha akabonyeza. Kapita alijua. Aliangalia upande mwingine. Naye alikuwa na watoto.

Na nyumbani kwa Arielle hapakuwa na kilio. Hawakutandika turubai barabarani, hawakuwasha magogo, viti havikutolewa nje ili wanawake walale chini na mfiwa. Arielle alisuka nywele zake, akakaanga vitumbua vyake, akauza. Kila uso wake ulipoanza kulegea, Orpha alikuwa pale na kiganja chake, akimfunika mdomo. "Hapana leo, mama Plamedi. Leo hapana." Baada ya muda uso haukulegea tena. Nyumba zote mbili zilikaa kama fizi iliyodungwa sindano: unajua jino lipo, unalipapasa kwa ulimi, halikujibu.

Basi asubuhi ile Orpha alimeza muhogo wake, akarudisha picha nyuma.

Ilikuwa Oktoba, mvua bado, na mwezi huo kamera ya joto huwa haina maana sana. Karibu na tanuri hewa inakuwa na joto la mwili wa mtu, hivyo walio hai wanafifia, wanakuwa vivuli vyeupe juu ya weupe. Orpha aliwaona wale wa zamu ya kwanza wakielea hivyo, nusu wapo, nusu hawapo. Katikati yao kulikuwa na mmoja aliyeonekana vizuri kabisa. Alikuwa mweusi. Mweusi wa kitu kilichotoka kwenye baridi. Hatua moja nzima, ya pili inaburutwa.

Alishuka mpaka kwenye ujia. Hapakuwa na mtu. Sakafuni, kwenye vumbi la chokaa, kulikuwa na nyayo zenye maji, na kwa kuwa chokaa mbichi haivumilii maji, kila unyayo ulikuwa ukichemka polepole, chiii, na mvuke mdogo, na harufu ya ukuta uliopakwa chokaa sasa hivi. Wa kulia, unyayo. Wa kushoto, mfereji.

Orpha alikuwa amesoma chuo kikuu Lubumbashi miaka mitano na hakuamini vitu visivyoweza kuulizwa kitambulisho. Alitafuta ufagio, akafagia.

"Ulitoka leo?" alimuuliza Michel mchana, akimpa dawa.

"Na hii homa? Weye njo uliniacha hapa."

"Nicolas aliingia."

Kidonge kilikuwa kwenye ulimi wa Michel. Kisha akakimeza bila maji.

"Pengine njo vizuri," alisema. "Minye nilichoka kumubeba."

Homa ilimwacha, lakini alipoinuka kitandani, mguu wa kushoto ulichelewa. "Inalala tu," alisema, akiupiga paja. "Itaamuka." Haukuamka. Alipopita ujiani kama Michel, akagonga kofia mara mbili, salamu kwa mke wake, jina lililotokea lilikuwa NICOLAS, la kijani, na mashine haikusita hata kidogo.

Orpha alimwita Divin. Alikuja na kompyuta yake, akatazama, akasema neno la Kifaransa lenye maana kwamba mashine imeteleza. "Hii kintu inajifunzaka, madame. Kila mara ilionyesha njano, nani alifinya bouton?"

"Minye."

"Basi ulimufundisha kama Michel na Nicolas ni muntu moya. Sasa inaamini."

Lilikuwa jibu zuri, na la kweli vilevile, na Orpha angefurahi kukaa nalo. Badala yake alimwonyesha ile picha ya mweusi. Divin aliinama. Alitazama muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mwenye majibu.

"Lensi iko muchafu," alisema. Akapanda ngazi, akaifuta kwa shati lake lile, na wiki hiyohiyo akaomba kuhamishiwa Kolwezi.

Nyumbani mambo yalikuja madogomadogo. Upande wa kitanda wa Michel ulikuwa na unyevu asubuhi, si wa jasho, kwa maana jasho lina chumvi na huu ulinuka matope ya mto. Michel, ambaye tangu utoto hakula samaki, aliuliza kama kuna samaki. Mkono wake ulikuwa baridi, na Orpha akiushika alihisi kitu kama kushika mkono wa mtu aliye upande wa pili wa dirisha. Wifi yake alimletea mchungaji mwenye spika kubwa kuliko kanisa lake, akafukuza mapepo mpaka umeme ulipokatika, akagundua kwamba mapepo hayo yalitoka kwenye diploma za Orpha, akaondoka na kuku. Michel alimsindikiza mpaka kwenye kona, akiburuta mguu.

Halafu ikaja jioni moja, jua bado halijazama, Orpha akichambua sombe, majani ya muhogo, uani na Plamedi ameketi karibu naye kwenye kigoda, na mtoto akainua kichwa, akasema, "Papa anarudia," kwa sauti ya kawaida tu, kama unavyosema mvua inakuja, kwa maana yeye hakuambiwa kitu, aliambiwa baba yake yuko Koni anavua samaki, na Orpha akasikiliza, akasikia kutoka barabarani tup, kisha shhh, tup, kisha shhh, ikipita nyumba ya fundi baiskeli, ikipita bomba la maji, ikisimama kidogo mbele ya mlango wa Arielle kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, kisha ikiuacha, ikija, na aliyetokea kwenye ua alikuwa Michel, mume wake, na kofia yake kwapani, naye akamtazama Orpha kwa adabu, kama unavyomtazama mke wa jirani, akasema:

"Asante kumuchunga mutoto, yaya Orpha."

Michel hakuwahi kumwita yaya. Aliyemwita hivyo alikuwa Nicolas.

Usiku huo Orpha alilala akiwa na macho wazi, na alichokihesabu ni hiki tu: akikaa hivi, atampoteza, na akisema, Plamedi atapoteza damu yake. Hakuhisi chochote. Aliitafuta hofu ndani yake kama mtu anayepapasa swichi gizani, ukuta ukawa laini tu.

Aliyekuja kuivunja hali hiyo ni mzee Tshimanga, mjomba wa Nicolas, aliyetoka Koni na furushi la samaki wakavu kwa ajili ya kumaliza matanga. Alimkuta Arielle anakaanga vitumbua.

"Kilio ilikuwa wapi?" aliuliza, akitafuta majivu ya magogo kwa macho.

Arielle aligeuza kitumbua. "Haikuwaka, papa Tshimanga."

Mzee aliketi. Wakamweleza, Orpha ndiye aliyesema zaidi, kuhusu mtoto, kampuni, mashine, mwendo. Hakukatiza. Mwisho aliuliza jambo moja.

"Asubui, pale ku mulango, munamuitaka jina yake?"

"Mashini njo inaandikaka," Orpha alisema.

"Kuandika njo kuita." Alijisugua magoti. "Siye kule tulizika mwili. Kumuambia kama alikufa, ile ni kazi ya nyumba yake. Hakuna mwenye alimuambia. Munamuita ku kazi kila siku, anakuya. Muntu wa kazi anakuya akiitwa. Na akikuya, anavaa miguu yenye inamungojea." Alimwelekezea kidevu Michel, aliyekuwa amesimama mlangoni, maji yakidondoka kwenye soli ya buti lake la kushoto. "Muda kidogo, ule kijana hatakuwa na fasi ya kusimama mu mwili yake."

Orpha hakumtazama Arielle. Hakuwa na uso wa kumwomba kitu hicho. Kilio maana yake mtaa wote, mtaa wote maana yake kampuni.

Ni Arielle aliyeongea, akiviangalia vitumbua.

"Yaya, nikuambie. Minye ningemuacha tu hivi. Kila asubui namusikia anapita. Nalala, namusikia, najua iko." Alizima moto. "Na njo ile inaniogopesha. Sababu ni bwana yako."

Alivua kitambaa kichwani, akaanza kufumua nywele.

Mzee alitoa masharti. Watu walie, walie vizuri, wamwambie marehemu. Kisha Michel ainuke atembee mwendo wa Nicolas kwa mara ya mwisho, kutoka kwenye kizingiti mpaka barabara inapokunja kwenye miembe ya zamani ya kampuni, auache pale, arudi na wa kwake. "Na akiwa mu njia, hakuna muntu wa kuita jina. Hata moya. Akiitwa, atageuka mwenye kuitwa." Akamwambia Orpha akae karibu na mjane, amshike mdomo. "Weye uko na mazoea," alisema, bila ubaya.

Siku ya pili, mchana kweupe, turubai lilitandikwa. Viti vikatolewa nje, picha ya Nicolas ikawekwa juu ya meza, wamama wa parokia wakalala chini kwenye mikeka, wanaume wakawasha magogo na kutoa karata. Watu walikuja wakikasirika kwanza, kwa sababu kufichwa kifo ni tusi. Kisha wakaona Plamedi, wakaelewa, wakaketi. Mzee Tshimanga alisimama mbele ya mlango akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu wa chumba cha pili: "Nicolas, mwana wa dada yangu. Ulikufa. Ulikufa mu maji. Kazi iliisha. Hakuna mwenye atakuita tena." Na kilio kikaanza, cha wanawake wote kwa mara moja.

Arielle alilia kama kitu kinachong'olewa. Orpha alimshika mabega.

Michel aliinuka. Hatua moja nzima, ya pili ikaburutwa. Wanaume waliinamisha vichwa, sauti zikashuka mpaka zikawa mnong'ono, akapita katikati ya moto na viti, akatoka barabarani, akaenda. Mgongo wake ukawa mdogo. Alikaribia kona. Na Orpha akahisi mwili wa Arielle ukijaza pumzi, akajua nini kinakuja, na mkono wake ukainuka, kama ulivyokuwa umeinuka asubuhi nyingi, juu ya kitumbua na unga na mafuta, juu ya mdomo ule ule. Akaona uso wa mjane ukilegea. Mkono ukasimama njiani. Alikuwa amemziba mwanamke huyu vya kutosha.

"Nicolas," Arielle aliita. Mara moja tu, si kwa nguvu, kama unavyomwita mtu aliyesahau funguo.

Kwenye kona, yule mtu alisimama. Hakugeuka upesi. Alisimama kama anayefikiria amesahau nini. Kisha akageuka, akarudi, na watu wote wakaona kwamba anatembea wima, miguu yote miwili sawa, mwendo wa Michel kabisa, mabega mbele kidogo. Wamama wakapiga vigelegele katikati ya machozi. Mzee Tshimanga peke yake hakushangilia. Alimtazama Orpha, akauchukua mfuko wake, na hakungoja chakula.

Kampuni ilijua, bila shaka. Lakini wakubwa walipoelewa kwamba mashine yao ya bei ile ilikuwa imemkaribisha marehemu kila asubuhi, waliona afadhali mambo yaitwe hitilafu ya kiufundi. Jina la Nicolas likafutwa. Hakuna aliyeadhibiwa. Plamedi akaachiwa huduma ya hospitali mpaka mwisho wa mwaka, ili mama yake asiongee. Orpha alirudi kwenye skrini zake.

Michel alipita. MICHEL, la kijani. Mwendo safi. Kila siku safi, safi kuliko zamani, kwa maana zamani mashine ilimwonyesha njano akiwa amechoka, na sasa hakuchoka. Mvua zilikuwa zimeanza, kamera ilikuwa inaona vizuri. Wenzake walipita wakiwaka kama makaa, na yeye katikati yao, mweusi. Orpha alisubiri agonge kofia. Hakugonga. Pengine alisahau. Mtu hujifunza mwendo. Salamu ilikuwa jambo lao wawili, na hakukuwa na mtu wa kumfundisha.

Siku hiyo alirudi mapema, akakuta Plamedi uani kwake anachambua maharagwe, akaketi kumsaidia. Mchana ulikuwa umetulia. Nyuma ya nyumba, mbali na kamera zote za dunia, kitu kilianza kuja.

"Papa," alisema Plamedi, bila kuinua kichwa.

Tup. Shhh. Tup. Shhh.

Mume wake alitokea kwenye pembe ya ukuta. Aliwaona, akasimama, na taratibu, kama mtu anayefunga vifungo vya shati mbele ya wageni, akanyoosha mguu wa kushoto. Akaja mpaka walipo, akitembea vizuri sana. Alimpapasa mtoto kichwani kwa mkono uliomfanya atetemeke kwa baridi, akachuchumaa mbele ya Orpha. Harufu ya ukuta uliopakwa chokaa sasa hivi ikamjia usoni. Hakukuwa na mwili wa kuzika, wala kaburi, wala habari ya kupiga kwa simu. Mtaa mzima ulikuwa umemwona Michel akirudi.

Aliweka kiganja chake juu ya mdomo wa Orpha, polepole, kwa upole wa jirani mwema.

"Hapana leo, yaya," alisema. "Leo hapana."

Na Orpha, mwenye mazoea, hakulia.